Sega ndani ya ekzosi

Jana nilikata kwa msumeno kisafisha moshi cha ekzosi ya gari kilichokufa, nikatoa lile sega la kauri. Vitundu vyake havipitishi hata ncha ya kalamu, na kuta zake zimepakwa metali za platinamu, paladiamu na rodiamu, utando usioonekana kwa macho. Nililigeuzageuza kwenye mwanga huku nikimfikiria Eugène Houdry.

Mfaransa huyu, aliyezaliwa 1892, alihamia Marekani 1930. Jina alikuwa ameshalipata kwa kutumia vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia, kupasua mafuta mazito yawe petroli. Angeweza kustarehe. Lakini ukungu wa moshi wa Los Angeles ulimsumbua, akaanzisha kampuni ya Oxy-Catalyst, na 1956 akapewa hataza ya kifaa cha kusafisha moshi wa magari.

Kinachonivutia ni kwamba kichocheo chenyewe, yaani zile metali, hakiliwi. Gesi zinapita juu yake zikiwa moto, kaboni monoksidi inachukua oksijeni inakuwa hewa ukaa, na petroli iliyoponyoka bila kuungua inageuka hewa ukaa na mvuke wa maji.

Ila petroli ya enzi zile ilitiwa madini ya risasi, na risasi hukifunika kichocheo kikafa. Inaniuma sana hii. Houdry alifariki 1962, na vifaa hivi vilienea Marekani kuanzia magari ya toleo la 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi.

Hili sega langu halikuuawa na risasi. Katikati limeyeyuka kama nta: plagi moja haikuwa ikiwaka, petroli mbichi ikawa inaungulia humu.