Alice in Chains ni wa Seattle, mzee wangu

Wacha niseme mapema ili asiyetaka kusoma aende zake: Alice in Chains ni bendi ya granji, ile roki ya makelele iliyovuma kutoka Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na ni bendi ya Seattle kuliko nyingi ambazo hakuna mtu anayeziomba kitambulisho.

Ubishi huu sikuuanzisha mimi, nimeukuta. Ninaishi Renton, kusini mwa Seattle, na kazi yangu ni kuendesha basi la kubeba wageni kati ya uwanja wa ndege wa Sea-Tac na hoteli. Fundi wetu wa magari ni mzee wa hapa hapa. Miaka ya themanini alikuwa kijana wa kushinda kwenye kumbi ndogo za mjini, na akiona nimeweka albamu yao Dirt asubuhi nikipasha injini anatikisa kichwa. Kwake hao ni wapiga metali, ile roki nzito ya magitaa, waliobahatika kuwa karibu wakati pesa zinamwagwa. Bendi ya Mudhoney, sawa. Green River, sawa kabisa. Soundgarden anawakubali kwa shingo upande. Lakini Alice in Chains? Hapana, mwanangu, hao peleka kwa akina Metallica.

Hoja zake si za kupuuzwa. Mwaka 1986 ilitoka albamu ya mkusanyiko iitwayo Deep Six, bendi sita: Green River, Melvins, Malfunkshun, Skin Yard, Soundgarden na U-Men. Hiyo ndiyo kama daftari la mahudhurio la granji, na Alice in Chains hawamo. Mwishoni mwa 1988 lebo ya Sub Pop ikatoa mkusanyiko wake, Sub Pop 200. Hawamo tena. Walipopata mkataba, mwaka 1989, waliupata Columbia, kampuni kubwa, bila kupitia Sub Pop kama wenzao. Na kabla ya hapo mwimbaji wao, Layne Staley, alikuwa kwenye bendi ya glamu, roki ya mapambo na vipodozi, nywele zimetunishwa kwa dawa, jina likiandikwa Alice N' Chains. Halafu 1991 wakazunguka Marekani na Slayer, Megadeth na Anthrax, mbele ya mashabiki wa metali waliowarushia vitu jukwaani. Mzee anapenda sana kusimulia hiyo ya kurushiwa vitu. Mimi namuuliza: kama walikuwa metali tupu, mbona wenye metali waliwakataa?

Tuanze na suala la kuzaliwa, maana hapo ndipo ninapochekea. Staley alizaliwa Kirkland, ng'ambo ya ziwa, akasoma shule ya sekondari Meadowdale huko Lynnwood. Jerry Cantrell, mpiga gitaa na mtunzi mkuu, alizaliwa Tacoma na kukulia Spanaway. Sean Kinney, mpiga ngoma, ni wa hapa Renton. Mpiga besi wao wa kwanza, Mike Starr, ndiye aliyezaliwa mbali, Honolulu. Sasa linganisha. Jeff Ament wa Green River na baadaye Pearl Jam alitoka Montana. Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, alikuja kutoka San Diego mwaka 1990. Hiro Yamamoto wa Soundgarden alitoka Illinois, na Kim Thayil alilelewa huko huko. Dave Grohl, mpiga ngoma wa Nirvana, ni kijana wa Virginia. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikuwa wa jimbo hili, ndiyo, ila Aberdeen iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Seattle. Hata waanzilishi wa Sub Pop, hao waliogeuzwa kuwa mahakimu wa nani wa ndani na nani wa nje: Bruce Pavitt alikulia Illinois, Jonathan Poneman Ohio. Wageni wameketi mlangoni wanawauliza wenyeji wametoka wapi.

Najua, cheti cha kuzaliwa si muziki. Ndiyo maana hoja yangu kubwa iko Ballard, mtaa wa Seattle.

Kulikuwa na ghala pale Ballard liitwalo Music Bank, limegawanywa vyumba vya mazoezi vya kukodi. Staley alikuwa akiishi humo. Mwaka 1987 Cantrell alifiwa na mama yake, akajikuta hana pa kukaa, na Staley, ambaye walikuwa wamefahamiana karibuni tu, akamwambia aje wakae wote. Bendi ilianzia hapo: vijana wawili wasio na kodi ya nyumba, chumba cha mazoezi ndicho chumba cha kulala. Mwaka 1988 walipangiwa kurekodi demo, yaani kanda ya majaribio, humo, mfadhili ameshapatikana, na siku moja kabla ya kurekodi polisi wakavamia. Ndani ya jengo mlikuwa na shamba la bangi. Inasemekana ulikuwa uvamizi mkubwa kuliko wowote wa bangi ambao jimbo la Washington lilikuwa limewahi kuuona. Wakaenda kurekodi kwingine, wakaiita kazi hiyo The Treehouse Tapes, na kanda ikafika kwa Kelly Curtis na Susan Silver. Silver alikuwa meneja wa Soundgarden na baadaye mke wa mwimbaji wao, Chris Cornell. Curtis akaja kuwa meneja wa Pearl Jam. Kwa hiyo hao "wageni" walikuwa mikononi mwa watu wale wale, kwa sahani moja, kabla ulimwengu haujajua granji ni nini.

Ile hoja ya glamu nayo inaishia kwa jina moja: Andrew Wood. Huyu alikuwa mwimbaji wa Malfunkshun, mmoja wa wale sita wa Deep Six, na alipanda jukwaani na rangi usoni kama yuko uwanja wa mpira wenye watu elfu hamsini hata kama ukumbini wako ishirini. Baadaye akaongoza Mother Love Bone. Hakuna aliyemfukuza maskani kwa sababu ya mapambo. Na metali? Albamu ya kwanza ya Soundgarden, Ultramega OK, iliingia kwenye mchujo wa tuzo za Grammy kipengele cha metali. Mbona hao hawaambiwi waende kwa akina Metallica?

Wood alifariki Machi 1990, heroini, ana miaka 24. Cornell, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, aliwahi kusimulia katika filamu ya historia ya Pearl Jam jinsi marafiki walivyokusanyika nyumbani kwa Kelly Curtis baada ya ibada ya kumuaga, na jinsi Staley alivyoingia akavunjika kwa kilio kuliko wote. Kwetu, ukitaka kujua nani ni wa nani, angalia matanga: nani amekaa ndani, nani amesimama barabarani. Staley alikuwa ndani. Cantrell akaandika "Would?" kwa ajili ya Wood. Desemba mwaka huo huo Alice in Chains walipiga onyesho lao kubwa ukumbi wa Moore, lile lililorekodiwa video, na waliowafungulia jukwaa walikuwa vijana walioitwa Mookie Blaylock. Baada ya miezi michache wakajiita Pearl Jam. Kwa lugha nyingine, Pearl Jam walianza wakiwa chini ya hao wanaosemwa hawahusiki.

Lakini kitu ninachomwekea mzee mezani kila mara ni wimbo mmoja, "Right Turn", kwenye EP, yaani albamu fupi, iitwayo Sap ya Februari 1992. Gitaa la kawaida, polepole, hakuna makelele. Anaanza Cantrell. Halafu inaingia sauti nzito, kavu, ya mtu anayeimba kama ameudhiwa kuamshwa: Mark Arm wa Mudhoney. Yaani Mark Arm mwenyewe, aliyekuwa Green River, ambaye mzee angemchongea sanamu kama angekuwa na shaba. Kisha mwishoni Cornell anapanda juu kule anakojua yeye tu, na Staley yumo katikati yao. Jina walilopewa kwenye kasha ni Alice Mudgarden, majina ya bendi zao tatu yamechanganywa. Mara ya kwanza nilipomchezea mzee wimbo huo alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema Mark ni mtu mwenye roho nzuri, angeimba na mtu yeyote. Mbishi ni mbishi.

Kwa maoni yangu, kilichowaweka pembeni hakikuwa muziki. Ni kusini. Seattle ya kumbi na maduka ya santuri ilikuwa ya vijana waliosoma chuo, wenye kujua bendi za panki za Uingereza na kuandika majarida yao wenyewe. Spanaway na Renton zilikuwa za watoto wa mafundi wa Boeing na wanajeshi wa kambi za karibu na Tacoma. Baba yake Cantrell alipigana Vietnam, ndiye "Rooster" wa ule wimbo. Huko metali ilikuwa muziki wa mtaa, kila gari lililokuwa na redio lilikuwa nayo. Watoto hao walipofika mjini na nywele zao ndefu, wa mjini waliona ushamba. Sishangai. Mpaka leo nikimwambia mteja wa hoteli za katikati ya mji kwamba naishi Renton ananiangalia kama nimetaja nchi jirani, ilhali mpiga gitaa Jimi Hendrix, ambaye Seattle nzima inajivunia, amezikwa huku huku kwetu.

Mvua sitaitaja. Kila anayeandika kuhusu granji anaitaja, na Kericho, kule Kenya, kunanyesha mwaka mzima wala hatukupata Soundgarden.

Mimi binafsi niliwapata Nairobi, kupitia XFM, ile redio iliyokuwa ikipiga roki. Sikujua Ballard wala Sub Pop. Kilichonishika ni zile sauti mbili. Tena nimeimba kwenye kwaya ya kanisa miaka mingi, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba sauti ya pili kazi yake ni kumpamba wa kwanza. Cantrell na Staley hawafanyi hivyo. Wanaenda sambamba, karibu mno, kiasi kwamba kwenye "Down in a Hole" huwezi kusema kiongozi ni nani, na pale unapotarajia sauti zitue mahali pa raha, zinatua nusu hatua pembeni, zinakuacha unaning'inia. Nenda kasikilize metali yote ya miaka ile, hulipati hilo. Lipo "Nutshell" pia, kwenye Jar of Flies, kazi waliyoirekodi kwa muda wa wiki moja hivi mwaka 1993 studio ya London Bridge, palipozaliwa albamu ya kwanza ya Pearl Jam. Ilipotoka Januari 1994 ikawa EP ya kwanza kuingia chati ya Billboard moja kwa moja namba moja.

Na kama ni kuchelewa: albamu yao Facelift ilitoka Agosti 1990, ikapata hadhi ya dhahabu, ya nakala laki tano, Septemba 1991, siku chache kabla Nevermind ya Nirvana haijafika dukani. Hakuna albamu ya granji iliyowatangulia hapo. Eti walidandia gari lililokuwa likienda. Gari gani, wakati wao ndio walikuwa wa kwanza kulilipia mafuta?

Jiji lenyewe lilishamaliza kesi. Staley alifariki Aprili 5, 2002, tarehe ile ile ya Cobain miaka minane kabla. Mwaka 2019 meya wa Seattle akaitangaza Agosti 22, siku yake ya kuzaliwa, kuwa Siku ya Layne Staley, na 2020 makumbusho ya MoPOP yakaipa bendi tuzo yake ya heshima.

Sasa najua mtanijia na Candlebox. Bendi ya Seattle, albamu ya kwanza 1993 kwa lebo ya Madonna, nakala mamilioni, na lawama zile zile za kudandia. Kwa kipimo changu cha wenyeji ningelazimika kuwafungulia mlango. Nimewasikiliza tena wiki hii, albamu nzima, kwa nia njema kabisa. Hapana. Hao mzee awachukue, simdai.