Utepe wa Udongo

Juzi, mvua ya kwanza ilipokatika, mwanangu alisimama mlangoni akaniuliza: "Mama, mbona maji ya mtaroni mekundu hivi? Yametoka wapi?" Jibu likanikwama. Nilishalitoa mara moja, mbele ya watu, likanipa zawadi.

Nilikuwa kidato cha tatu, ziara ya jiografia Kondoa. Lori, vumbi, nyimbo, mikate iliyopondeka mifukoni, na mchana tukashushwa ndani ya korongo moja la vilima vya Irangi. Shindano likaanza kwa vidole. Unachota udongo kiasi cha yai, unaulowesha, unaukanda, kisha unausukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Udongo wa kichanga unavunjika papo hapo. Tifutifu unatoka kidogo, unakatika. Mfinyanzi unateleza kama nta na kurefuka. Wangu ulining'inia kupita ncha ya kidole, wa baridi, na chembe chache za mchanga zikikwaruza kwenye kucha.

Likaja swali la mwisho: chanzo cha mmomonyoko huu ni nini? Nikanyoosha mkono. "Mifugo kuzidi uwezo wa ardhi." Nikaongeza kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye kilomita za mraba 1,256. Nikapewa alama zote, na makofi juu.

Babu aliyetuongoza hakupiga makofi. Alinisogelea, akainua fimbo mpaka penye mizizi inayoning'inia, juu kabisa ya kichwa chake, akagusa ukingo wa korongo.

"Mjukuu wangu, hapo ndipo mama yangu alipolima uwele."

Akaishusha fimbo taratibu, ikichora mstari kwenye ukuta mwekundu. Udongo ukawa unamwagika kwenye kandambili zake, naye hakuukung'uta. Fimbo ilipogusa chini akasema, "Ng'ombe wangu kumi na wanne niliwaswaga mwenyewe kuwatoa huku. Lakini korongo hili nilizaliwa nikalikuta. Lilikuwa jembamba, tukiliruka tukienda kisimani."

Nilisema, "Ndiyo, Babu." Basi. Jioni nikakabidhiwa atlasi yangu, tukarudi.

Ukubwani nilisoma kwamba watafiti waliopima umri wa mchanga uliojazana chini ya vilima vile walikuta mmomonyoko ulianza karne nyingi kabla ya ukoloni. Nimepita tena Kondoa pia, nikaona miteremko iliyokuwa mitupu imefunikwa na miti iliyoota tangu mifugo iondolewe. Yote mawili ni kweli. Sijui ningemjibu nini yule mzee leo, ila nisingejibu haraka vile, naye amesimama pale pale.

Mwanangu alikuwa bado anangoja. Nikamwambia avue viatu. Tukachota tope mtaroni, nikamshika dole gumba nikamwonyesha: sukuma, polepole. Utepe ukakatika kabla haujafika ncha ya kidole. Akaukusanya, akaanza kuukanda upya.