Kidevu Kifuani: Mwaka Wangu na Watoto wa Judo Eastlands

Jumamosi ile nilikuwa na watoto 19 kwenye mikeka 12. Kila mkeka una mita 1 kwa 2, kwa hiyo tulikuwa na mita za mraba 24 za kurushana, na pale mikeka ilipoishia palianza saruji tupu. Hesabu hiyo niliifanya wiki iliyofuata, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Tunafanyia mazoezi katika ukumbi wa jamii, si mbali na Jogoo Road, Nairobi. Jumapili ukumbi ni kanisa, katikati ya wiki akina mama wa chama hukutana humo, na Jumamosi ni wetu hadi saa tisa alasiri. Mimi ni fundi cherehani. Judo niliianza ukubwani, nikafika mkanda wa kahawia, ulio chini ya mweusi, na kocha wetu alipohama mjini watoto wakabaki mikononi mwangu.

Siku hiyo msichana wa miaka 11, aliyekuwa na wiki sita tu klabuni, alishikana na mvulana aliyemzidi uzito. Mvulana akampiga osoto-gari, ile ngwala kubwa ya kumfyeka mwenzako mguu kwa nyuma huku ukimsukuma kifua. Mgongo wa msichana ulitua mkekani, kisogo kikatua kwenye saruji. Aliinuka upesi, akasema yuko sawa, akacheka. Nikampa maji, nikamkalisha dakika 10, kisha nikamruhusu arudi kucheza.

Saa mbili usiku mama yake akanipigia. Mtoto alikuwa ametapika mara mbili na alikuwa akiuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache. Niliwakuta hospitalini. Alipigwa picha ya kichwa, na tulipokuwa tukisubiri majibu mama akanigeukia.

"Mwalimu, ulimwona akianguka?"

"Nilimwona, mama."

"Na ukamrudisha kucheza?"

Sikuwa na jibu. Picha haikuonyesha damu. Daktari alisema ubongo ulikuwa umetikisika, akaagiza apumzike na asirudi kwenye mazoezi hadi aruhusiwe na daktari. Alipona vizuri, namshukuru Mungu. Lakini mama yake hakumrudisha klabuni, na sikumlaumu.

Nilifunga darasa la watoto kwa wiki nne, nikaanza kusoma. Nilijua kwamba Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianzisha Kodokan, shule yake ya kwanza, huko Tokyo mwaka 1882, katika chumba cha hekalu la Eishoji. Nilichokuwa sijakitia maanani ni kwamba alianza na mikeka 12, kama yangu, ila wanafunzi wake walikuwa 9. Kisha nikasoma jambo lililoninyima usingizi. Japani kwenyewe, kwenye walimu wengi na mikeka mizuri, watoto zaidi ya 100 walikufa katika judo ya shuleni ndani ya miaka 30 hivi tangu 1983. Wengi walikuwa wanafunzi wapya. Waliouawa na damu iliyovuja ndani ya fuvu walikuwa wengi, na mtupo uliotajwa mara kwa mara ni osoto-gari.

Ubongo unaweza kuumia hata bila kisogo kugonga kitu kigumu. Kichwa kikirushwa nyuma ghafla, mishipa midogo inayounganisha ubongo na utando wake huvutika, na inaweza kukatika. Shingo ya mwanafunzi mpya haijajua kukizuia. Ndiyo maana kidevu kifuani ndilo somo la kwanza la judo. Mimi nilikuwa nikilifundisha kwa robo saa, kisha tunaingia kwenye kurushana kwa sababu ndiko watoto wanakopenda.

Tuliporudi, nilitangaza kwamba kwa miezi mitatu hakuna kumwangusha mtu. Tutaanguka tu.

Tulianza tukiwa tumelala chali, kisha tukichuchumaa, mwisho tukiwa tumesimama. Kidevu kinabana, macho yanatazama fundo la mkanda, pumzi inatoka, mikono miwili inapiga mkeka kwa pamoja karibu na mwili. Mtoto wa mtaani akianguka hutanguliza kiganja, na hivyo ndivyo vifundo vya mikono na mitulinga huvunjika. Tabia hiyo haitoki kwa kuambiwa. Nilishona vifuko vidogo vya vitambaa vilivyobaki dukani, kila mtoto akabana chake kati ya kidevu na kifua. Kifuko kikidondoka, unarudia. Wadogo waliupenda mchezo huo kuliko nilivyotarajia. Wakubwa wa miaka 14 na 15 walinuna, na watatu wakaacha kuja.

Sakafu ilinichukua muda mwingi zaidi. Mzee mmoja aliyecheza judo zamani alinishauri nitumie vumbi la mbao, ambalo hupatikana kwa magunia kwa wauza mbao wa soko la Gikomba: unalimwaga ndani ya fremu, unalishindilia, unatandika turubai juu na kulivuta hadi likaze. Ni njia nzuri na klabu nyingi zisizo na uwezo zimeitumia. Lakini fremu ile haiwezi kukaa katikati ya kanisa Jumapili. Nikaamua kununua vipande vya sponji iliyosagwa na kugandamizwa, ile ngumu. Sponji laini ya godoro ni mtego, kwa sababu mguu huzama, mwili ukigeuka goti linabaki lilipo. Vipande nilivivika turubai la lori nililolishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na sindano nne zilivunjika. Pembeni tulifunga mbao nne zenye kona za bawaba ili mikeka isiachane, maana nafasi ya kidole kimoja kati ya mikeka inatosha kuvunja kidole cha mguu. Nguzo mbili za ukumbi tulizivika magodoro ya zamani hadi urefu wa mtu mzima.

Pesa zilitoka kwa wazazi, kidogo kidogo, na kwa chama cha akina mama kilichotukopesha bila riba.

Watoto niliwagawa makundi mawili, la saa tatu na la saa sita. Hakuna anayeshikana na aliyemzidi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Osoto-gari niliiweka kando hadi mkanda wa rangi ya chungwa. Tulipofika kwenye mitupo tulianza na ya nyonga, anayerushwa akiwa ameanza kwa kupiga magoti. Na kuna jambo ambalo sasa nalisema hadi sauti inakauka: anayerusha haachii mkono wa mwenzake. Ukiushika ule mkono wa koti na kuuvuta juu mwishoni, bega la mwenzako linainuka na kichwa chake hakifiki chini. Mtoto anayerusha na kuachia hapati sifa kwangu, hata mtupo uwe mzuri namna gani.

Wasaidizi wangu wawili niliwapeleka wakachukue cheti cha tabia njema, shilingi 1,050 kila mmoja, nami nikachukua changu. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, na mzazi anakaribishwa kukaa na kutazama siku yoyote.

Mwezi wa tano wa utaratibu huo wazazi wakaanza kuuliza medali. Klabu nyingine ilikuwa imetualika mashindanoni, nami nikakataa, kwa sababu nilihesabu watoto wanne tu waliokuwa tayari. Nilitukanwa kwenye kundi la simu. Mzazi mmoja aliandika kwamba nafundisha watoto kuanguka kwa sababu sijui kuwafundisha kushinda. Maneno hayo yaliniuma, na nililala nayo siku kadhaa. Tukakubaliana kuandaa mashindano yetu wenyewe, ya ndani.

Wiki mbili kabla, mvulana mmoja wa miaka 12 alikuja mazoezini midomo imekauka. Baba yake alikuwa amemnyima chakula cha jioni kwa siku tatu ili ashuke kundi la uzito. Nilimwita baba kando, nikamweleza kwamba mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano ya taifa ya mchezaji mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, na mojawapo ya sababu ni watu wazima kuwapunguza watoto uzito na kuwafokea waamuzi. Ikiwa Japani wameona hatari hiyo, sisi ni nani tusiione? Siku hiyo hiyo niliwapima watoto wote bila kutangaza, nikawapanga wanne wanne kwa uzito unaokaribiana. Hapakuwa na kundi la kushukia tena.

Sheria zetu zilikuwa fupi. Pambano ni dakika 2, wakati watu wazima kimataifa hucheza 4. Hakuna kukaba shingo wala kupinda kiwiko. Kumshikilia mwenzako chali kwa sekunde 20 ni ippon, yaani ushindi kamili unaomaliza pambano, kama kwa wakubwa. Anayejitupa kwa kichwa ili amalize mtupo anatolewa papo hapo, na hilo si langu, ndivyo ilivyo kwenye kanuni za kimataifa. Kucha zinakaguliwa, hereni zinatolewa, na mwenye choa anasubiri apone.

Nilimwomba muuguzi anayeishi mtaani akae mezani, nikampa mamlaka kuliko mwamuzi na kuliko mimi: akisema mtoto ametoka, ametoka. Namba 1199 ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu tuliibandika ukutani kwa herufi kubwa, na nikawaambia wote kwamba mtoto aliyeumia shingo haguswi wala hapandishwi boda.

Walicheza watoto 22. Pua moja ilitoka damu, ukucha mmoja uling'oka, na kelele zilikuwa nyingi kuliko za harusi. Mchana, yule yule mvulana wa miaka 12 alikuwa anaongoza kwa waza-ari, alama iliyo chini ya ippon. Akageuka kuingia mtupo wa nyonga, akateleza, kichwa chake kikagusa mkeka kwa ubavu. Aliinuka mara moja, akarekebisha koti. Muuguzi akasimama. Akamuuliza anacheza na nani, na pambano lililopita alishinda au alishindwa. Mtoto alisita kwenye swali la pili. Muuguzi akanitazama, akatikisa kichwa.

Baba yake aliingia mkekani na viatu. "Anaongoza, Mwalimu! Zimebaki sekunde 30!"

"Najua, baba. Ametoka."

Alinisogelea, akaongea mengi, nami nikamshika mtoto mkono na kumpeleka mezani. Tulimpa baba karatasi yenye dalili za kuangalia usiku: kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuchanganyikiwa. Aliichukua bila kuniangalia. Saa nne usiku alinitumia ujumbe kwamba mtoto amekula na hajambo, na kesho yake wakaenda kliniki.

Tulipokuwa tunakunja turubai nilimwona mwanamke amesimama mlangoni. Sikujua alikuwa amekaa pale tangu saa ngapi. Alikuwa mama wa yule msichana.

"Yule kijana aliyekuwa anashinda," akasema. "Ulimtoa."

"Nilimtoa, mama."

Akanyamaza, akaitazama mikeka, akaikanyaga ya pembeni kwa kisigino kama anayepima ugumu wake.

"Jumamosi wanaanza saa ngapi?"

"Kundi la kwanza saa tatu."

Koti la mtoto wake lilikuwa bado dukani kwangu tangu mwaka jana, lilipoletwa kuzibwa kwapa. Usiku ule nilifumua pindo za mikono na kuzishusha kidole na nusu, kwa sababu mama yake alikuwa ameniambia amerefuka.