Pedi yangu ya mbao ya kuchezea gemu, toleo la tatu

Jana usiku nimecheza Tekken, ile gemu ya ngumi, masaa mawili na nusu mfululizo afu nikalala bila kujichua kidole gumba, na kwangu hilo si jambo dogo kabisa, maana tangu mwaka jana nilikua siwezi kuvuka nusu saa. Mchana kutwa nachapa kazi za wanafunzi steshenari, jioni nikishika pedi ya kawaida gumba la kushoto ndo linabeba kila kitu, mbele nyuma juu chini, na gemu za ngumi zinataka ubonyeze kwelikweli, basi maumivu yanaanzia kwenye shina la gumba yanashuka mpaka kifundo cha mkono.

Nikaamua nijitengenezee pedi ya batani tupu, isiyo na mkono wa kuzungusha. Kushoto, chini na kulia kila moja ina batani yake na kidole chake, gumba linabaki na kazi ya kuruka tu. Ubongo wake ni Raspberry Pi Pico, kale kabodi ka milimita 21 kwa 51, ukikawekea programu ya bure ya GP2040-CE kompyuta inakaona kama pedi ya dukani. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka USB, inatokea kama flashi, unatupia faili ndani, imeisha hiyo. Waya nao si wa kuogopesha, batani ina miguu miwili, mmoja unaenda kwenye pini yake na mwingine unaungana na wenzake wote kwenda graundi (upande hasi), rizista za kuzuia umeme huhitaji maana chipu inazo za ndani. Na ukibonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, unaiambia programu izifute zote mbili mchezaji asimame. Batani aliniletea mdogo wangu kutoka Dar alivyokuja na treni ya SGR, za milimita 24 kwa vidole na moja ya 30 kwa gumba.

Umeme nilimaliza jioni moja. Kuipatanisha na mkono ndo kumenila miezi minne.

Toleo la kwanza lilikua boksi la plaiwudi, kimo sentimita 7, batani nimezipanga kwa rula zimenyooka kama mistari ya daftari. Kwa macho lilipendeza sana. Wiki moja tu, gumba limetulia ila kifundo kimeanza, kwa sababu boksi refu linakunja mkono kwa nyuma kama mtu anayesukuma mlango, na ile mistari iliyonyooka inalazimisha viganja vipinde kuelekea upande wa kidole kidogo muda wote unaocheza. Nikalipeleka kwa fundi seremala hapa Nkuhungu, Dodoma, mzee ambaye anachonga na mipini ya majembe, nikamwomba alipunguze kimo. Akaligeuzageuza akaniuliza, "Hapa ulipima nini?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, nilipima ubao." Akaitikia marahaba, afu akasema, "Kijana wangu, mpini hatupimi jembe, tunampima anayelima."

Nilirudi nyumbani na hiyo kauli. Kesho yake nikachukua karatasi ya manila nikaitandika mezani, nikapaka vidole unga wa chaki, nikakaa kwenye kiti ninachochezea, nikafumba macho nikaachia mikono ianguke yenyewe. Nimerudia mara sita, na mara zote sita alama zimekuja karibu palepale: vidole vya kati viko mbele ya vidole vidogo kwa kama sentimita 3, magumba yamelala ndani, na mikono miwili imeinamiana kama paa la nyumba. Hakuna hata mstari mmoja ulionyooka! Hiyo manila ndo ikawa ramani, tukatoboa kwa kuifuata, kimo kikashuka mpaka sentimita 4.

Toleo la pili likawa bora mara kumi ila ukingo wa mbele ulikua unanikata chini ya kiganja. Fundi akanipa kipande cha mninga na kipande cha chupa iliyovunjika, ndo hicho wanachokwangulia mpini mpaka uwe laini, nikakwangua jioni mbili nzima nikamalizia na msasa, ukingo sasa umelala mviringo, na hilo ndo toleo la tatu. Juu yake nimebandika soli ya kandambili kuukuu, inabonyea kidogo na haitelezi. Miguu ya chini ni tyubu ya pikipiki, kabla ya hapo pedi ilikua inakimbia mezani nikizidisha mkono. Tyubu hiyohiyo nimeizungushia kwenye kifuniko, kwa sababu upepo wetu wa mwezi wa saba unaujua, vumbi linaingia hata ulipofunga, na nilipofungua lile boksi la kwanza nilikuta jekundu ndani.

Jana nimempa binamu yangu, mikono yake mikubwa kuliko yangu, hajadumu robo saa akasema vidole vinabanana. Sikubishana nae, nimemkatia manila yake.

Kwenye yangu imebaki batani ya kidole kidogo cha kulia, springi yake ngumu na naona kidole kinajivuta kuifikia. Jumamosi naisogeza ndani milimita 4, nimeshaweka alama kwa penseli.