Siku yangu moja na jivu la makaa ya mawe

Saa 10 na nusu alfajiri nshaamka, maana ukichelewa Kimara unakuta watu wamejaa kituoni mpaka nje, nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, alafu daladala ya Chang'ombe, saa 1 kasoro niko maabara. Leo naendelea na sampuli ya makaa ya mawe ya huko kusini, mteja ni kijana injinia anataka kujua kama yanafaa kugeuzwa gesi.

Saa 1 na nusu nawasha tanuru, makaa yaliyosagwa yanapanda taratibu mpaka nyuzi 815, kinachoungua chote kiungue, linabaki jivu. Limetoka jekundujekundu, hapo najua kuna chuma humu. Watu wakisikia makaa wanauliza moto tu, mi nauliza jivu, kwasababu jivu ndo linasimamisha mtambo mzima.

Saa 4 chai na chapati fasta, alafu nasaga jivu mpaka laini kama poda ya mtoto, nachanganya na maji ya dekistrini (gundi ya wanga) nafinyanga kapiramidi kwenye kalibu. La kwanza likapasuka ncha wakati nalitoa, nikarudia, maana tunachopima ni hiyo ncha yenyewe, inalainika kwenye joto gani.

Saa 7 ndo saa yangu. Tanuru la pili lina mchanganyiko wa kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi (ile ya kwanza inaua na haina harufu kwahiyo kengele lazima iwe inafanya kazi kabla sijafungua mtungi), joto linapanda kama nyuzi 5 kwa dakika na mi sibanduki kwenye kioo. Nyuzi 1,290 ncha ikaanza kuwa butu, baadae piramidi likajikunja likawa duara, likashuka likawa kama nusu ya chungwa, 1,400 limetandazika kama sukari guru kikaangoni. Sasa jana jivu la makaa hayahaya nililipima kwenye hewa ya kawaida, ncha haikutikisika mpaka 1,380! Ni chuma hiyo. Kwenye mtambo wa gesi oksijeni ni haba, chuma inanyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, inashikana na silika (ile ya kwenye mchanga) na kuyeyuka mapema.

Saa 10 jioni kijana akapiga: "Dada shikamoo, nipe namba moja tu nimpelekee bosi." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, ila niambie kwanza mtambo gani. Mitambo ya aina ya Lurgi, kama ya mji wa Secunda, Afrika Kusini, jivu linatakiwa litoke kavu, wanaongeza mvuke joto lisipande, likiyeyuka linagandamana mabonge na kuziba chini. Ila ile inayopuliza unga wa makaa kwenye nyuzi 1,300 mpaka 1,600 inataka jivu liyeyuke kabisa, litiririke ukutani kama uji, lidondokee kwenye maji lipasuke chembechembe za kioo cheusi, ndo slegi hiyo, wahunzi wetu waliita mavi ya chuma. Uji ukiwa mzito tundu linaziba, ukiwa mwepesi mno unakula matofali ya ukuta. Akauliza wakiweka chokaa je? Swali zuri sana, chokaa mara nyingi inashusha joto la kuyeyuka, kesho nampimia piramidi moja tupu na mawili yenye chokaa.

Saa 12 tanuru limepoa, nimetoa kisahani. Kale kapiramidi sasa ni tone jeusi linang'aa, nimejaribu kulibandua kwa ncha ya kisu, limeng'oka na kipande cha kisahani.