Karatasi ya guka

Jana nimeshinda kwa cucu, yaani nyanya yangu, huko Nyeri. Miaka yote nikimuuliza habari za guka, babu yangu, alikuwa ananyamaza, anaendelea kumenya viazi. Jana akasema mwenyewe: "Mjukuu wangu, vuta lile sanduku chini ya kitanda."

Ndani mlikuwa na leso mbili na karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshatoboka. Jina la guka limepigwa chapa, herufi moja imekosewa. Chini yake, Manyani. Nilisoma neno hilo mara tatu. Guka alikuwa kizuizini kwenye kambi ile ya wakoloni Waingereza na hakuna aliyewahi kutuambia!

Cucu akaanza kusimulia. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa na mtoto mgongoni. Wakahamishwa kwa nguvu, wakarundikwa kwenye kijiji kimoja, kisha wanawake wakatolewa kuchimba handaki kando ya msitu ili wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa wakipinga ukoloni, wasipate chakula. Alinionyesha kiganja chake, akapitisha kidole pale mpini wa jembe ulipokuwa ukichubua.

Sasa naelewa kimya chao. Mau Mau ilipigwa marufuku 1950, na marufuku hiyo ikaondolewa 2003 tu, miaka arobaini baada ya uhuru. Guka alifariki 1998. Hata ile fidia ya Uingereza ya 2013 kwa walioteswa wakati huo haikumkuta.

Jumatatu naenda Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nitatafuta jina lake kwa tahajia zote mbili, sahihi na ile waliyokosea. Cucu amenipa karatasi niende nayo, ameifunga kwenye leso yake.