Laini mbili, steshenari moja: nilivyogawa mzigo wa intaneti Ng'ong'ona

Steshenari ninayoihudumia iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ina laini mbili: faiba ya megabiti 20 kwa sekunde na ya mnara wa simu ya megabiti 10. Mwenye duka alinisubiri na swali lake: "Mwanangu, nalipia thelathini, mbona nikipakua naona ishirini?"

"Mama, faili moja hupita laini moja." Hakufurahi. Lakini ndivyo ilivyo: faida ya laini mbili huonekana wateja wanapokuwa wengi.

Wapo wanaotaka ruta ipeleke pakiti (kipande kidogo cha data) moja huku, nyingine kule. Haifai. Faiba hufikisha haraka kuliko mnara, kwa hiyo pakiti za nyuma hutangulia za mbele. TCP, utaratibu unaosimamia usafirishaji wa pakiti, ikiona hivyo hudhani kuna zilizopotea, huzituma upya na kupunguza mwendo. Tena kila laini ina anwani yake ya nje, na seva haikubali mazungumzo yaleyale yaje kwa anwani mbili.

Nilichofanya kwenye MikroTik, ruta yetu, ni kutumia PCC, kanuni ya kuchagulia kila muunganisho laini yake. Ruta huchukua anwani ya kompyuta na anwani ya tovuti, huzipigia hesabu, kisha hugawanya kwa 3. Baki ikiwa 0 au 1, muunganisho huenda faiba. Ikiwa 2, huenda mnara. Mzigo unakaa mbili kwa moja, kama laini zenyewe. Namba za poti, zinazotofautisha miunganisho ya kompyuta moja, sikuziingiza kwenye hesabu, makusudi. Ukiziingiza mzigo unagawanyika vizuri zaidi, sawa, lakini mteja yuleyule atafika tovuti ileile kwa anwani mbili tofauti, na baadhi ya mifumo, hasa ya benki, ikiona hivyo humtoa nje. Msimu wa maombi ya mkopo duka linafurika wanafunzi. Sitaki mtu arudishwe mwanzo akiwa katikati ya fomu.

FastTrack, njia ya mkato inayoipunguzia prosesa ya ruta kazi, niliizima, kwa sababu pakiti inazozipitisha hazifiki kwenye mangle, sehemu ya ruta inayotia alama za laini ya kupita, na alama zote za PCC ziko humo.

Kazi kubwa ilikuwa kujua laini imekufa. Ruta ikipingi (ikiulizia kama upo hai) getiwei tu, yaani kituo cha kwanza cha laini, inaweza kuambiwa mambo ni shwari na kumbe faiba imekatika huko mbele. Nikaweka njia ya faiba itegemee 8.8.8.8 (seva ya Google) na ya mnara 1.1.1.1 (ya Cloudflare), kila moja ikipingiwa kupitia laini yake. Isipojibu, wote wanahamia upande wa pili. Ukurasa uliokuwa wazi utakwama, mteja aufungue upya. Hilo halina dawa hapa.

Mama bado anapima kasi kwa simu yake, na simu moja kwa seva moja itampa laini moja siku zote. Sasa anataka kuongeza faiba. Kwa megabiti 30 ruta yetu ndogo inamudu bila FastTrack. Akifika mamia, prosesa yake ndiyo itakayoelemewa kwanza, na nimemwambia atenge hela ya ruta kabla ya hela ya laini.